Blanki za kalamu kwa resini: namna ya kuanza bila kujiumiza

Blanki ni kipande ghafi cha kalamu: kijiti cha mraba chenye unene wa milimita 20 hivi na urefu wa milimita 130, ambacho hutobolewa katikati, kikatiwa mrija wa shaba ndani, kisha kikakerezwa mpaka kiwe mwili wa kalamu. Blanki ya mbao tupu inapendeza. Ile ya mbao iliyokatika ovyo, iliyojazwa resini ya rangi (kimiminika kinachoganda kuwa kigumu kama plastiki) kwenye mapengo yake, ndiyo inayomfanya mteja aishike na kuigeuzageuza.

Mwongozo huu ni wa anayeanza, aliye Uganda, mwenye meza, mizani ndogo na subira. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na epoksi, aina mojawapo ya resini, inayoganda polepole, mimina kidogo kidogo, na uichukulie kuwa kemikali, si rangi ya ukuta. Tangi la presha, la kubana mapovu ndani ya resini, utalisikia likisifiwa sana. Kwa sasa liache, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kwanza, jua unanunua nini

Ukiingia dukani Kampala ukauliza resini, mara nyingi utapewa poliesta, kwa sababu ndiyo wanayotumia mafundi wa bodi za magari na watengeneza mitumbwi ya faibaglasi. Utaitambua kwa harufu kali inayopanda puani mara tu kifuniko kinapofunguliwa. Harufu hiyo ni ya stairini, na mvuke wake unashika moto upesi, hata kwa joto la kawaida la mchana wa Gulu mwezi wa pili. Poliesta huganda kwa matone ya kichocheo kiitwacho MEKP, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Tone moja la MEKP likiingia jichoni linaweza kulipofusha. Tena kichocheo hicho kikichanganywa moja kwa moja na kobalti, ile ya zambarau inayouzwa kama kiharakishi, vinaweza kulipuka. Muuzaji akikwambia, "Ssebo, hizi zote ni moja, harufu tu ndiyo tofauti," mshukuru kisha omba epoksi.

Aina ya tatu ni poliyurethani. Huganda kwa dakika chache na haipendi unyevu hata kidogo. Unyevu kidogo kwenye mbao unaigeuza povu. Kiungo chake kimoja, aisosayaneti, kinaweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na hakina harufu ya kukuonya mapema. Kwa anayeanza, hapana.

Epoksi huja katika chupa mbili, resini na hadna, yaani kigandishi chake. Tafuta ile iliyoandikwa kuwa ni ya kumimina kwa kina, si ya kupaka juu ya meza. Epoksi ya meza kwa kawaida imetengenezwa kwa tabaka la milimita chache tu. Ukiijaza kwenye kalibu nene inaweza kupata joto hadi ikapasuka au kugeuka njano. Kina kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye lebo.

Na lebo ndiyo sababu nakusihi usinunue resini ya kupimiwa kutoka pipa kubwa kwenda chupa ya maji ya kunywa. Haina uwiano, haina tarehe, haina jina la kemikali. Hadna nyingi hazina rangi au zina unjano hafifu, na mtoto mwenye kiu hatauliza chupa ya maji ina nini. Ukienda hospitali bila lebo, daktari naye anabaki kubahatisha.

Pili, mwili wako

Hapa nitakaa zaidi, maana epoksi inadanganya. Hainuki sana, haichomi mkononi, na mtu anaweza kuichezea kwa mikono mitupu miezi kadhaa bila kuona kitu. Kisha siku moja ngozi inaanza kuwasha, vipele vinatoka katikati ya vidole, kope zinavimba. Huo ni mzio, na mwili ukishaujifunza haufuti tena. Kuanzia hapo hata vumbi la epoksi ambayo haijaganda sawasawa, au kugusa meza aliyoitumia mwenzako, linaweza kuuamsha. Kuna mafundi duniani walioacha kazi hii kwa sababu hiyo tu.

Vaa glavu za nitrili. Za mpira wa kawaida wa hospitali, lateksi, hazizuii vizuri, na za kitambaa ni mbaya kuliko kutokuwa na kitu kwa sababu zinashikilia resini juu ya ngozi. Glavu ikichafuka, ivue na uvae nyingine. Usiifute ukaendelea, na usishike simu nayo. Simu ndiyo mlango mkubwa wa resini kufika usoni: unapokea, unaweka sikioni, umekwisha jipaka shavuni.

Resini ikikugusa, ifute na karatasi kavu kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Usitumie thina, asetoni wala petroli kusafisha ngozi. Vimiminika hivyo huilainisha resini na kuisukuma ndani ya ngozi, na mafuta ya asili yanayokukinga yanaondoka nayo. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha, huku kope umezishika wazi, kisha nenda hospitali na chupa yenye lebo mkononi. Kwa hiyo ndoo au jerikeni ya maji safi iwe karibu kabla hujafungua chupa yoyote. Si wakati wa kwenda kutafuta bomba.

Miwani ya kinga inayofunga pembeni ni lazima wakati wa kuchanganya. Kwa pumzi, kumbuka kwamba barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke. Inazuia chembe tu. Ukihitaji kinga ya mvuke, nunua barakoa ya mpira yenye filta za kubadilisha. Za mfumo wa Ulaya huwa na mstari wa kahawia kwa mvuke wa aina hii, za mfumo wa Marekani huwa na mstari mweusi. Maduka yanayouza vifaa vya wapaka rangi za magari ndiyo mahali pa kuulizia. Kwa epoksi kidogo kwenye baraza lenye upepo unaweza kufanya kazi bila hiyo, mradi lebo haisemi vinginevyo. Kwa poliesta usifikirie kabisa kufungua kopo bila barakoa hiyo.

Tatu, mahali

Wengi wetu tunaishi chumba kimoja, muzigo, ambamo godoro, jiko na meza ya kazi vinatazamana. Resini isimiminiwe humo. Inaendelea kutoa mvuke saa nyingi baada ya wewe kuondoka, na wewe ungekuwa umelala pembeni yake. Tumia baraza lililofunikwa, au banda lenye madirisha pande mbili. Sigiri iwe mbali, mshumaa na sigara vivyo hivyo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, washa tochi ya simu kabla hujavaa glavu mpya.

Halijoto inayofaa kwa epoksi nyingi ni kati ya nyuzi 20 na 28, na hapa Kampala imetupendelea. Siku nyingi za mwaka ziko humo humo. Kabale asubuhi ni baridi mno, kwa hiyo subiri saa sita mchana. Kaskazini wakati wa kiangazi ni kinyume: kila nyuzi 10 zinapoongezeka, muda wa kufanyia kazi unapungua kwa takriban nusu. Lebo ikisema dakika 40 kwa nyuzi 25, kwa nyuzi 35 hesabu 20. Na msimu wa mvua unyevu wa hewa hutoa utando unaofanana na nta juu ya epoksi iliyoganda. Hauharibu blanki, ila uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya kumimina tabaka la pili, la sivyo tabaka hazitashikana.

Walioko kando ya ziwa, Entebbe na Jinja, wana adui wa ziada: visubi wa ziwani. Ukimimina usiku chini ya taa, asubuhi utakuta blanki imejaa wadudu. Mwezi wa Novemba nsenene nao hawako mbali. Mimina mchana, na funika kwa beseni lililoinuliwa kidogo upande mmoja.

Nne, mbao

Mti wa kahawa ni hazina. Wakulima wa robusta hukata miti mikuukuu ili ichipue upya, na vigogo vinavyobaki ni vigumu, vimepindapinda, vina matundu na magome ya ajabu, yaani kila kinachomkera seremala na kumpendeza mmimina resini. Tahadhari moja: mnyauko wa kahawa, ugonjwa wa kuvu ulioonekana Uganda mwaka 1993 na kuangamiza mashamba mengi ya robusta, husafiri pamoja na mti ulioathirika. Mti uliokauka ghafla majani yakiwa bado juu usiubebe kwenda kijiji kingine. Mkulima hushauriwa kuung'oa na kuuchoma palepale, na wewe usimharibie.

Fenesi hutoa njano nzuri. Mvule unapendeza pia, lakini vumbi lake hukereketa koo na kuwasha ngozi kwa baadhi ya watu, hivyo barakoa ya vumbi ni ya lazima ukiukata.

Chochote utakachochagua, kiwe kikavu kweli. Maji ndani ya mbao yanatoka kama mapovu resini inapopata joto. Kata vipande katika ukubwa wa mwisho, vianike mahali pa hewa, na uvipime kwenye mizani kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari kulingana na hewa ya pale ulipo. Sugua magome yaliyolegea kwa brashi ngumu, toa vumbi, halafu paka epoksi nyembamba kwenye nyufa zote na uiache igande kiasi cha kunata. Tabaka hilo linafunga hewa iliyojificha. Ukitaka kutumia buni za kahawa zilizokaangwa, zipake pia, kwa sababu kila mbegu ina mfuko wa hewa katika mstari wake wa katikati.

Tano, kalibu

Usitumie pesa hapa. Epoksi haishiki kwenye plastiki ya polithini nzito, ile ya jerikeni za manjano za mafuta ya kupikia. Tafuta alama ya pembetatu yenye namba 2 kwenye kitako. Osha mafuta yote kwa sabuni, kata upande ulio bapa, ukunje kuwa kihori. Njia nyingine rahisi zaidi ni kisanduku cha plaiwudi kilichotandikwa ndani selotepu pana ya kufungia maboksi, upande unaong'aa ukitazama juu, bila mkunjo. Epoksi hung'oka juu yake bila shida. Mabomba ya PVC yaepuke mwanzoni, resini inang'ang'ania.

Nafasi ya ndani iwe milimita 22 kwa 22, urefu 140. Ziba pembe zote kwa silikoni, iache ikauke, kisha jaza maji uone kama inavuja, na uikaushe kabisa. Mbao huelea juu ya resini, kwa hiyo gandisha kipande chako chini ya kalibu kwa matone mawili ya gundi ya haraka.

Sita, hesabu na mizani

Kalibu ya vipimo hivyo ina ujazo wa sentimita za ujazo 68 hivi. Kujua nafasi iliyobaki baada ya mbao, jaza mchele mkavu kuizunguka mbao, sawazisha juu, kisha mimina mchele huo kwenye kikombe cha vipimo. Tuseme umepata 38. Epoksi iliyochanganywa ni nzito kidogo kuliko maji, karibu gramu 1.1 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji gramu 42. Ongeza za kubaki kwenye kikombe na za kuingia kwenye nyufa. Gramu 50 zinatosha. Mchele huo usiurudishe jikoni.

Sasa soma lebo kwa makini, kwa maana hapa ndipo blanki nyingi hufia. Uwiano wa ujazo na uwiano wa uzito si kitu kimoja, kwa kuwa hadna kwa kawaida ni nyepesi kuliko resini. Epoksi iliyoandikwa 2 kwa 1 kwa ujazo inaweza kuwa 100 kwa 45 kwa uzito. Kwa mfano huo, gramu 50 zinagawanyika hivi: resini 34.5, hadna 15.5. Kwa mizani ya jikoni inayoruka gramu nzima nzima, kosa kwenye hadna ni kubwa mno. Tafuta mizani inayosoma gramu 0.1, kama zile za wauza vito.

Usiongeze hadna ukidhani itaganda upesi. Mazoea hayo yanatoka kwenye poliesta, ambako kichocheo kinaweza kupunguzwa au kuongezwa kidogo. Katika epoksi kila sehemu ya hadna ina sehemu yake ya resini ya kushikana nayo; iliyozidi inabaki pale ikinata milele.

Saba, kuchanganya na kumimina

Weka chupa ya resini, hadna isiguswe, kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika kumi. Inalainika na mapovu yanapanda kwa urahisi. Pima resini kwanza, kisha hadna, kwenye kikombe cha plastiki kisicho na michirizi ndani. Koroga polepole kwa kijiti bapa dakika tatu hadi tano, ukikwangua pembeni na chini. Mwanzoni utaona nyuzi nyuzi zinazozunguka ndani ya kikombe, kama sukari inayoyeyuka kwenye maji ya moto. Zikiisha zote, hamishia kwenye kikombe kingine safi na ukoroge dakika moja zaidi, maana kuta za kikombe cha kwanza huficha resini ambayo haikukutana na hadna.

Rangi inakuja sasa. Unga wa maika, madini yanayometameta, ndio rahisi zaidi: kijiko kidogo cha chai, nusu yake, kinatosha kwa gramu 50. Rangi za maji zitaharibu kila kitu.

Mimina kwa mkondo mwembamba kutoka kona moja, acha resini yenyewe itembee kuelekea upande wa pili na kuisukuma hewa mbele yake. Jaza kupita usawa wa mbao kidogo. Mapovu ya juu yanapasuka ukipitisha mashine ya kukaushia nywele kwa mbali. Kiberiti wanachotumia wengine kwenye epoksi, juu ya poliesta ni kuwasha nyumba.

Kilichobaki kikombeni kisiachwe kikiwa kingi mahali pamoja. Epoksi inapoganda hutoa joto, na ikiwa imerundikana joto hilo huiharakisha zaidi, mpaka kikombe kinayeyuka na moshi unaanza. Ikianza kupata moto mkononi, itoe nje, imwage juu ya bati au karatasi ngumu itandazike, na usiiinamie.

Nane, kusubiri

Saa 24 hadi 72 kabla ya kuitoa kwenye kalibu, siku saba kabla ya kuikereza. Bonyeza pembeni kwa ukucha: kama alama inabaki, bado. Haraka hapa ina gharama mbili. Blanki laini huyeyuka kwenye drili, na vumbi la resini ambayo haijaiva ndilo linaloamsha ule mzio niliousema.

Tisa, kutoboa na kukereza

Kalamu nyembamba za kawaida hutumia mirija ya milimita 7. Kata blanki vipande viwili, kila kimoja kirefu kuliko mrija kwa milimita mbili tatu. Toboa polepole, toa ncha ya drili mara kwa mara kuondoa nyuzi na kuipoza. Ukihisi harufu, umechelewa kuitoa. Usitoboe mpaka itokeze upande wa pili, kwa kuwa resini hubanduka pale. Acha blanki iwe ndefu zaidi, toboa karibu mwisho, kisha kata kile kitako.

Resini inayopitisha mwanga itaonyesha mrija wa shaba ndani, na rangi yako nzuri itageuka matope. Paka mrija rangi nyeupe au inayolingana, usugue kwanza kwa msasa ili gundi ishike. Kama huna mashine ya kukereza, mafundi wanaokereza miguu ya meza na vitanda wanaweza kukusaidia, ila wape onyo kwamba resini inataka patasi kali na mkato mwembamba. Wanazoea mbao, wanabana kwa nguvu, na blanki inaruka vipande. Anayekereza avae kinga angavu ya uso mzima, si miwani tu.

Msasa wa maji kuanzia 400 kwenda juu, kisha polishi ya magari. Kulowesha msasa kunapunguza vumbi na kuzuia joto.

Kuhusu tangi la presha

Tangi hubana mapovu hadi yasionekane, kwa presha ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 40 hadi 60. Faida yake ni ya kweli. Ila mfuniko wa kipenyo cha sentimita 25 kwa psi 40 unasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja, na Katwe hakukosi fundi wa kukuchomelea tangi kutoka mtungi wa gesi wa zamani kwa bei nafuu. Ustadi wao siudharau. Lakini weldi ambayo haijapimwa haikuonyi kabla ya kuachia. Sufuria ya presha ya jikoni nayo haikutengenezwa kwa hewa ya kompresa. Siku ukiwa tayari, nunua tangi lenye kiwango cha presha kilichopigwa chapa, vali ya usalama inayofanya kazi na geji, na usilegeze komeo mpaka geji isome sifuri.

Mabaki na akiba

Resini na hadna visimwagwe kwenye mtaro. Mitaro mingi ya Kampala inaishia ziwani. Kilichochanganywa kiache kigande kwanza, ndipo kitupwe na taka ngumu. Usikichome na takataka uani wala kwenye sigiri. Chupa zifungwe vizuri, zisimame wima kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na jua na chakula. Ukikuta resini imeganda chembechembe nyeupe ndani ya chupa, hasa huko Kabale au baada ya miezi ya kukaa, haijaharibika: iweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 hivi, kifuniko kikiwa kimelegezwa, mpaka iwe angavu tena, kisha iache ipoe kabla ya kuipima.